Nilipokuwa chuo na rafiki yangu tulisimama kwa kila mtu. Leo niko peke yangu, napita tu. Kwa nini?

#1 Aliyebebwa

Habari za jioni wakuu.

Kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumanne, nimeona nilimwage hapa tulijadili.

Nilisoma Mlimani, 2013 hadi 2016. Mwaka wa kwanza sikupata chumba, nikabebwa Mabibo Hosteli na jamaa wa Mwanza ambaye hakunijua hata jina. Kitanda kimoja chembamba, watu wawili, kichwa huku miguu kule. Huyo nitamwita Ngosha, ndivyo ninavyomwita hadi leo. Bumu, yaani hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo, lilikuwa 8,500 kwa siku, na likikaribia kuisha tuliishi kwa wali maharage wa mkopo kwa mama ntilie mmoja nyuma ya hosteli.

Na njaa yetu hiyo, tulikuwa na visa. Nitoe vitatu tu.

Jioni moja tulikwenda stendi ya Ubungo kuchukua kiroba cha mchele alichotumiwa Ngosha na dada yake. Tunatoka, tukamkuta bibi amekaa juu ya salfeti yake, kuku wawili wamefungwa miguu pembeni, kikaratasi mkononi. Ametoka Singida, anakwenda kwa mwanawe Mbagala, na mwana haonekani. Kikaratasi kina namba ya simu, ila tarakimu ni tisa badala ya kumi. Wapiga debe walishaanza kumzunguka. Ngosha akatua kiroba, akachutama, akamwamkia: "Shikamoo bibi." Kisha akaangalia ile namba akasema, "Imekosekana ya mwisho tu. Tukijaribu sifuri mpaka tisa tutampata." Tukanunua vocha ya 500, tukaanza kupiga kwa kitochi changu. Ya kwanza haipatikani. Ya pili mama mmoja akatutukana. Ya nne mzee akataka kwanza kujua sisi ni watoto wa nani. Ya saba akapokea kijana, tukamwuliza tu: "Una mama yako anakuja leo?" Akanyamaza, halafu tukasikia analia. Alisubiri stendi tangu saa nne asubuhi, akaambiwa basi limeharibika njiani halitafika, akarudi nyumbani.

Bibi hakutaka kubaki pale hata dakika moja, akatushika mikono. Tukapanda naye daladala ya Mbagala kwa njia ya Buguruni na Tazara, tukamkabidhi kwa mwanawe Rangi Tatu. Akatupa kuku mmoja, akakataa katakata tusimchukue. Kurudi, nauli ilitufikisha Tazara tu. Tukatembea Barabara ya Mandela usiku ule, kiroba tunapokezana, kuku kwapani.

Cha pili, tulisikia mama wa mwanafunzi mwenzetu anahitaji damu. Hatukuwa tunamfahamu mama wala mwenyewe. Tulipanda mwendokasi, hiyo ni 2015 tukiwa mwaka wa pili, tukashuka Faya, tukatembea hadi Muhimbili. Ngosha akapimwa uzito kilo 48, wakamkataa. Nikatoa mimi, yeye akaketi pembeni amenishika mkono kama mtoto anayechomwa sindano ni yeye.

Cha tatu, yule mama ntilie alikuwa na binti kidato cha nne, hesabu zinamtesa. Tukamfundisha karibu kila usiku kwa miezi mitano kwenye benchi la kibanda, kwa taa ya chemli. Alipata C ya hesabu. Leo ni muuguzi.

Sasa hilo la Jumanne. Mimi nipo Dodoma, nina kazi, nina mshahara, sijalala njaa miaka minane. Nilikuwa Nanenane stendi nikamwona mama mtu mzima, mfuko miguuni, anaangaliaangalia watu usoni, mkononi ana karatasi. Nilimwona vizuri kabisa. Nikapita. Nimefika nyumbani usingizi haukuja. Saa nne usiku nikarudi stendi na gari, hayupo.

Ninachowauliza: ule wema wa chuo ulikuwa wangu, au ulikuwa wa Ngosha na mimi nilikuwa nafuata tu?

#2 Kitochi

Kabla ya yote mkuu, kuku aliishia wapi?

#3 Sista wa Zamu

Nimesoma huku machozi yananilenga. Hapo pa kijana kunyamaza kwenye simu nimesoma mara mbili.

Jibu langu ni fupi: ulikuwa na muda. Mwanafunzi ana muda. Mtu wa kazi ana saa mkononi. Mimi mwenyewe nikiwa zamu nina huruma kwa wagonjwa arobaini, nikitoka getini sitaki hata kuulizwa njia.

#4 Mchambuzi wa Kijiweni

Sista #3 amegusa penyewe. Kuna jaribio lilifanywa Harvard, wanafunzi wa theolojia waliambiwa wakahubiri habari ya Msamaria Mwema, njiani wakawekewa mtu anajifanya mgonjwa. Karibu wote walimruka. Wachungaji watarajiwa hao!

#5 Mwanasaikolojia

Rekebisho kidogo #4. Si Harvard, ni Princeton. Walioandika ni John Darley na Daniel Batson, mwaka 1973. Wala si kwamba karibu wote walimruka. Wanafunzi walikuwa 40, wakagawanywa: wapo walioambiwa wana muda wa kutosha, wapo walioambiwa waende sasa hivi, na wapo walioambiwa wameshachelewa. Wenye nafasi walisaidia asilimia 63, wa katikati asilimia 45, waliochelewa asilimia 10. Kwenda kuhubiri Msamaria au kwenda kuzungumzia mambo mengine hakukuleta tofauti kubwa. Kilichotofautisha ni haraka.

Kwa hiyo mleta mada usijihukumu upesi. Jumanne ulikuwa unawahi wapi?

#6 Aliyebebwa

#5 ahsante. Hapo ndipo panaponiuma. Sikuwa nawahi popote. Nilikuwa nimetoka kumsindikiza mgeni, nakwenda nyumbani kuangalia taarifa ya habari.

#2, kuku tulimficha chini ya kitanda siku tatu. Ngosha alikataa kumchinja. Tukampelekea mama ntilie amfuge.

#7 Mzee wa Yombo

Aliyebebwa, simulizi tamu, ila mimi nilikuwa Mlimani miaka hiyo hiyo na kumbukumbu zako zina mashimo mawili.

Bumu la 2013 lilikuwa 7,500 kwa siku. 8,500 ilikuja 2015, na 10,000 ni juzi tu, 2022.

Pia 2015 hapakuwa na mwendokasi. Barabara na vituo vilikuwa vinajengwa, tunakula vumbi. Mabasi yalianza kubeba abiria Mei 2016. Kwa hiyo ama mlikwenda Muhimbili kwa daladala, ama mlikuwa mwaka wa tatu mnakaribia kumaliza.

Sisemi hamkutoa damu.

#8 Aliyebebwa

Umenishika mkuu. La bumu nakubali. La mwendokasi nina picha kabisa kichwani, tumeshika bomba la katikati, Ngosha anasoma majina ya vituo kwa sauti. Basi itakuwa 2016.

#9 Komredi wa Ngara

Salamu kutoka Nairobi. Wenzetu wa Bongo, kubebwa ni nini? Mlibebana mgongoni?

#10 Sista wa Zamu

#9, vyumba havitoshi. Mwenye chumba anamkaribisha asiye nacho, wanalala kitanda kimoja. Mwenyeji ndiye "mbebaji". Nilibebwa mwaka mzima na msichana ambaye sasa ni wifi yangu.

#11 Komredi wa Ngara

Sawa, nimekupata. Kwetu tulikuwa watatu kwa bedsita moja Ngara, tukiishi kwa pesa za HELB, mkopo wa wanafunzi wa Kenya, na mkate.

Kisa changu kinafanana. Siku moja kwa simu yangu ikaingia shilingi 3,000 kutoka kwa mtu nisiyemjua. Hatukuwa na unga nyumbani. Mimi nilishaanza kupanga nyama. Mwenzangu akaniambia, "Hiyo pesa ina mwenyewe, na mwenyewe yuko mahali ameshika kichwa." Kweli, baada ya dakika tano mama akapiga simu, ni karo ya mtoto. Tukamwelekeza apeleke ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 irudishwe, nasi hatukuigusa mpaka ikatoka. Usiku huo tulikunywa strungi bila kitu.

Ukweli ni kuwa ningekuwa pekee yangu, ningezima simu. Kwa hivyo mimi niko na Aliyebebwa: wema ulikuwa wa mwenzangu. Mimi nilimwogopa tu.

#12 Mwalimu wa Nambari

Nimekwama kwenye hizo tarakimu tisa, mnisamehe.

Mlijaribu kumi tu kwa sababu Ngosha aliamua iliyokosekana ni ya mwisho. Nani alimwambia? Mtu anaponakili namba huruka popote. Tuseme zile nne za mwanzo zilikuwa sawa, maana hizo ni za mtandao na zinajulikana. Zinabaki sita, bibi alikuwa na tano. Iliyorukwa inaweza kukaa sehemu 6, kila sehemu tarakimu 10, jumla 60. Toa 5 zinazojirudia (ukiongeza 4 kabla ya 4 au baada ya 4, namba ni ile ile). Zinabaki namba 55 za kupiga. Kwa vocha ya 500 msingemaliza.

Mungu aliingilia hapo.

#13 Kitochi

Mwalimu wewe ungemwacha bibi na kuku ukatafuta chaki kwanza.

#14 Mwalimu wa Nambari

#13 ningempigia zote 55. Ningekopa vocha.

#15 Binti Tunguu

Assalaam alaykum. Mie nawasoma toka mwanzo, na naona wanaume mnazungumza kama kila mtu ana mwili wenu.

Nilisoma SUZA, Tunguu. Nilikuwa na shoga yangu, tukitoka chuoni tunapanda gari moja hadi Darajani. Tumesaidia watu wengi mno sie wawili. Mzee kapoteza pochi yake garini, tukarudi naye kituo hadi kituo. Mwanamke uchungu umemshika sokoni, tukamziba kwa mabuibui yetu hadi gari ikaja. Leo nikiwa peke yangu, magharibi inaingia, mwanamume nisiyemjua akaniita "dada nisaidie", sisimami. Si roho mbaya. Nikiwa wawili mmoja anasaidia na mmoja anaangalia. Nikiwa mmoja, nani ananiangalia mie?

Kwa hiyo mleta mada, labda Ngosha hakukupa wema. Alikupa mgongo.

#16 Bodaboda Mstaafu

#15 dada umesema kweli tupu, na mimi nina kovu lake.

Miaka kadhaa nyuma nilimkuta jamaa kaanguka na pikipiki, amevunjika mguu, dereva aliyemgonga kakimbia. Nikampakia kwenye bajaji, nikampeleka hospitali. Pale wakataka PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi. Nikaenda kituo cha polisi kuichukua, nikaambiwa nisubiri. Nimesubiri hadi asubuhi, maana mimi ndiye niliyekuja na majeruhi, kwa hiyo mimi ndiye niliyegonga. Jamaa alipozinduka akasema hakumbuki. Ndugu zake wakasema nilipe. Shukrani ya punda mateke, nilidhani ni methali tu.

Tungekuwa wawili, mwenzangu angekuwa shahidi. Tangu siku hiyo nikiwa peke yangu napiga simu, nasimama mbali. Siendi kushika.

#17 Sista wa Zamu

Pole sana #16. Kwa faida ya wanaosoma: majeruhi wa dharura anatakiwa kuhudumiwa kwanza, PF3 inafuata. Ukikutana na kizuizi mlangoni, omba kuonana na daktari wa zamu mwenyewe, usibishane na aliye getini.

#18 Mchambuzi wa Kijiweni

Naona tumeshaelewana: wawili ni bora kuliko mmoja. Sayansi na uzoefu vinasema kitu kimoja.

#19 Mwanasaikolojia

Sayansi haisemi hivyo #18, na nilitaka nisiharibu uzi.

Mwaka 1969 Bibb Latané na Judith Rodin walifanya jaribio kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia. Mwanafunzi anajaza karatasi za maswali, chumba cha pili anasikika mwanamke anaanguka na kulia kuwa mguu umeumia. Aliyekuwa peke yake alisaidia mara 70 katika 100. Aliyekaa na mtu aliyepangwa asishtuke hata kidogo, mara 7 tu. Wageni wawili wasiojuana, katika jozi 40 kati ya 100 ndipo angalau mmoja aliinuka. Marafiki wawili: 70.

Maana yake rafiki hakufungi miguu kama mgeni. Lakini hakukuongezea kitu juu ya ulivyo ukiwa peke yako.

#20 Mwalimu wa Nambari

Ngoja hapo #19. Kama kila mtu peke yake ana 70 katika 100, basi wawili kila mmoja akifanya lake, uwezekano wa wote kukaa kimya ni 0.3 mara 0.3, yaani 0.09. Kwa hiyo ilitakiwa jozi 91 katika 100 zisaidie. Zikawa 70. Hata marafiki walizuiana!

#21 Mwanasaikolojia

Ndivyo ilivyo. Hata watafiti waliliona hilo.

#22 Binti Tunguu

Hao walikuwa chumbani, mchana, Marekani, wanamsikia mwanamke ukutani. Hakuna wapiga debe, hakuna giza, hakuna atakayewaambia wao ndio walioangusha. Mumpeleke huyo mtafiti Ubungo ile ya zamani saa moja usiku kisha ahesabu tena.

#23 Komredi wa Ngara

Binti Tunguu, hapo umemaliza!

#24 Mtoto wa Shekhe

Mnazunguka mbali. Mtu hutenda wema kwa malezi yake na kwa kumwogopa Muumba, basi. Ngosha alilelewa hivyo. Bumu, muda, wawili, mmoja, hayo ni makapi. Tenda wema nenda zako. Kosa la mleta mada ni kukaa anauhesabu.

#25 Sista wa Zamu

#24 na mimi mwamini, ila naye amelelewa, tena alitoa damu yake kwa mama asiyemjua. Malezi yake yalikwenda wapi Jumanne?

#26 Maabara

Niingie kwa suala la damu kwa kuwa limetajwa na wengi huogopa bila sababu. Kumkataa Ngosha ni utaratibu, uzito wa chini ni kilo 50. Umri ni miaka 18 hadi 65. Mwanamume anaweza kutoa kila baada ya miezi 3, mwanamke miezi 4. Kinachotolewa ni kama mililita 450. Na damu haikai milele kwenye jokofu: chembe nyekundu, kwa dawa ya kuhifadhia inayotumika sana, ni siku 35, chembe sahani ni siku 5 tu. Ndiyo maana tunaomba kila siku, watu wanadhani tunaiuza.

Kwa hoja kuu: nimeona maelfu wakija kuchangia. Wanafunzi huja wawiliwawili, watatuwatatu, wanasukumana mlangoni. Watu wa makamo huja peke yao, na huja wakiitwa na ndugu. Sijui maana yake. Nimesema ninachokiona.

#27 Mzee wa Yombo

Mimi naleta sababu nyingine, na nimeisubiri kwa sababu si nzuri kuisikia.

Aliyebebwa anakumbuka bibi, anakumbuka damu, anakumbuka binti wa mama ntilie. Visa vitatu kwa miaka mitatu. Je, waliopita mbele yake Ubungo miaka hiyo mitatu, akapita, ni wangapi? Hawakumbuki, kwa kuwa hawakuwa na kuku. Tumeona wenyewe bumu limehama mwaka na mwendokasi umehama mwaka. Inawezekana hakuwa mwema zaidi zamani. Ila zamani imebaki na mazuri, na Jumanne iko mbichi.

Nasema hivi kwa heri, kaka. Kwa sababu kama ndivyo, basi hujaharibika.

#28 Aliyebebwa

Mzee wa Yombo, hii nimekaa nayo dakika nyingi. Inaweza kuwa kweli. Na bado mtu aliyerudi stendi saa nne usiku ni mimi, nilikuwa natafuta kitu ambacho nakijua ladha yake.

#29 Mlinda Pochi

Hamjagusa matapeli. 2013 bibi mwenye kikaratasi alikuwa bibi mwenye kikaratasi. Leo kila kikaratasi kina mwenyewe nyuma ya nguzo. Mara nauli imeibiwa, mara "ile hela tuma kwenye namba hii". Mimi nimeliwa mara tatu. Watu hawajawa wabaya, wamechoka kuliwa.

(Ujumbe kama huo upelekeni 15040, msinyamaze nao.)

#30 Kitochi

#29 matapeli wa Ubungo ulikuwa huwajui wewe. Mimi 2012 niliuziwa sabuni kwenye boksi la simu, imefungwa na karatasi ya nailoni na risiti juu.

#31 Komredi wa Ngara

Hahaha, hiyo sabuni ilifika hadi Nairobi, River Road.

#32 Sista wa Zamu

Turudi kwenye mada jamani. Aliyebebwa, si umpigie Ngosha umwulize yeye? Mmepotezana?

#33 Aliyebebwa

Hatujapotezana. Yuko Geita, tunasalimiana sikukuu. Nimeona aibu kumwambia la Jumanne. Nitamtumia uzi huu asome mwenyewe.

#34 Mtoto wa Shekhe

Mtumie. Na mimi nimekaa nikafikiria aliyoniambia Sista #25. Sina jibu la haraka.

#35 Aliyembeba

Salaam wakuu. Mimi ndiye Ngosha. Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu, nimeusoma wote tangu saa nane mchana, kazi imelala.

Mwanangu, nikuambie mbele ya watu. Bibi alitoka Manyoni, hiyo ni mkoa wa Singida, sawa. Kilo 48 ni kweli. Mwendokasi ni kweli, ilikuwa Juni 2016, tunasubiri kuanza UE, mitihani ya mwisho wa muhula, Mzee wa Yombo yuko sahihi. Lakini pale Ubungo, mimi nilishapita.

Nilikuwa na kiroba cha kilo 25 kichwani, shingo inaniuma, nilimwona yule bibi na nikasema moyoni hawa ndugu zake watakuja. Nimefika karibu na mataa, nageuka kukusemesha, haupo nyuma yangu. Nikarudi nimekasirika. Nimekukuta umechutama, umeshashika kikaratasi, wapiga debe wanne wamekusimamia na wewe hata huwaangalii. Mimi ndiyo nikatua kiroba. Shikamoo nilimwamkia, ndiyo, kwa sababu wewe ulikuwa umesahau, ulianza na namba.

Wewe umekuwa ukisema miaka yote ni mimi. Nilidhani unatania kwa heshima.

Na nikueleze jingine. Huku Geita napita watu kila siku. Kila nikipita nasema, angekuwepo yule jamaa wa Mabibo, angesimama.

#36 Kitochi

Nimekosa la kusema.

#37 Binti Tunguu

Sasa nyie wawili nani alisimama?

#38 Mchambuzi wa Kijiweni

Hakuna. Kila mmoja alisimama kwa sababu alidhani mwenzake ameshasimama. Nadhani hili ndilo jibu la uzi.

#39 Mwanasaikolojia

#38 haiwezekani wote wawili, lazima mmoja alikuwa wa kwanza. Mmoja wao anakumbuka vibaya. Au wote.

#40 Mzee wa Yombo

Au kila mmoja anampenda mwenzake kuliko anavyoipenda sifa. Hilo nalo liwekwe kwenye orodha.

#41 Aliyebebwa

Ngosha, mimi nina picha yako umechutama vumbini, shati la bluu, kiroba pembeni. Naiona hadi sasa.

#42 Aliyembeba

Shati la bluu lilikuwa lako. Mimi sijawahi kuwa na shati la bluu, uliniazima baadaye siku ya mahojiano ya kazi.

#43 Mwalimu wa Nambari

Samahani kuwakatiza ndugu. Ni nani basi aliyesema iliyokosekana ni ya mwisho?

#44 Aliyembeba

Hiyo ni mimi mwalimu. Mwandiko wa mwanawe ulikuwa mzuri mwanzo mpaka mwisho, ila karatasi ilikuwa imechanika ukingoni. Na namba ya mwisho ilikuwa 6.

#45 Mwalimu wa Nambari

Imechanika ukingoni! Basi kumi zilitosha. Nafuta #12 yote.

#46 Sista wa Zamu

Nipo Dodoma pia. Aliyebebwa, yule mama wa Jumanne alivaaje? Nina dada yangu anauza maji pale Nanenane, huwa anawaona wanaolala stendi.

#47 Aliyebebwa

Kitenge cha njano chenye maua meusi, kilemba cheupe, mfuko wa salfeti umefungwa kamba nyekundu. Umri kama wa mama yangu. Sista, nikutumie ujumbe pembeni? Jumamosi nashinda pale.

#48 Aliyembeba

Nipigie leo jioni kabla hujaenda. Na kisa cha kuku hakijaisha, mama ntilie aliniambia alitotoa vifaranga kumi na kimoja.